MRI ya kulipia mwenyewe: ukitoa hela yako unanunua nini hasa?

Karatasi niliyopewa na daktari ilikuwa na maneno mawili na saini: "MRI kiuno." Basi. Nilikuwa wiki ya saba na maumivu yaliyoanzia kiunoni, yakapita takoni, yakashuka ubavuni mwa mguu wa kushoto hadi juu ya wayo. Safari ya daladala kutoka Mbagala hadi Posta ilikuwa adhabu. Nilikuwa nasimama hata siti zikiwa tupu, makonda wananishangaa. Bima yangu ilikuwa imelala, tarehe niliyopangiwa hospitali ya serikali ilikuwa mbali, nikaona bora nijikamue nilipe mwenyewe kwenye kituo binafsi.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa mimi: karatasi mkononi, hela ya kukopa mfukoni, na hajui vizuri anaenda kufanyiwa nini. Nilichokuja kukielewa, na kaunta ya malipo hawakuambii, ni kwamba mashine ndiyo sehemu nyepesi ya shughuli nzima. Ikiwa nzima na anayeiendesha anaijua kazi, picha zitatoka. Kinachoamua kama hela yako imefanya kazi ni vitu viwili visivyoandikwa kwenye risiti: swali alilouliza daktari kwenye ile karatasi, na jicho la atakayezisoma picha.

Sumaku, redio na maji

Watanzania wengi tulilizoea jina la MRI tarehe 9 Novemba 2015, siku nne tu baada ya Rais Magufuli kuapishwa, alipotokea Muhimbili bila taarifa akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine za MRI na CT (ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei) hazifanyi kazi. Bodi ya hospitali ikavunjwa siku hiyohiyo. Vijiweni tulibishana wiki nzima juu ya nani kafukuzwa, lakini sikumbuki mtu aliyeuliza hiyo mashine ni kitu gani na kwa nini ni ngumu kuitunza.

Ni sumaku kubwa yenye tundu katikati. Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya Tesla 1.5, na zipo za Tesla 3. Sumaku ya dunia, ile inayoigeuza sindano ya dira ya nahodha, ni kama sehemu moja ya elfu thelathini ya hiyo ya Tesla 1.5. Sasa mwili wetu kwa sehemu kubwa ni maji na mafuta, na vyote viwili vimejaa haidrojeni. Kiini cha atomu ya haidrojeni ni kisumaku kidogo kinachojizungusha kama pia, ile tuliyoichezea utotoni kwa kuizungushia kamba na kuirusha chini. Ukilazwa ndani ya sumaku, viini hivyo huanza kuyumba kuufuata mwelekeo wake, kama pia inavyoyumba ikikaribia kuchoka. Kasi ya kuyumba hutegemea nguvu ya sumaku. Kwenye Tesla 1.5 ni kama mara milioni 64 kwa sekunde, yaani megahezi 64, chini kidogo tu ya pale redio za FM zinapoanzia kwenye 88. Ndiyo maana chumba cha MRI kwa kawaida hufunikwa kwa shaba ukutani, darini na hata mlangoni. Bila hivyo, mawimbi ya mjini yangejipenyeza na kuichafua picha.

Mashine hurusha wimbi la redio la kasi hiyohiyo, na zile pia za haidrojeni zinapigwa kikumbo zikainama. Wimbi likikatwa, zinajirudi. Zinapojirudi zinatoa mlio hafifu wa redio, unanaswa na antena walizokuwekea mwilini. Utamu uko hapa: haidrojeni iliyo kwenye mafuta hujirudi upesi, iliyo kwenye maji hukawia. Mwendesha mashine akibadilisha muda wa kusikiliza, picha nayo hubadilika. Ipo aina ambayo mafuta hung'aa na maji huwa meusi, na ipo ambayo maji ndiyo yanayong'aa. Hiyo ya pili ndiyo madaktari huikimbilia wakitafuta ugonjwa, kwa sababu penye uvimbe, usaha au jeraha mara nyingi pana maji. Kelele unazozisikia zikibadilika kila baada ya dakika chache ni kwamba umehamishwa kutoka aina moja kwenda nyingine.

Hakuna mionzi ya eksirei humu ndani, ingawa kwa mazoea utaelekezwa "nenda idara ya mionzi". Eksirei na CT zinatumia mionzi, MRI haitumii. Lakini hilo lisikufanye udhani MRI ni kipimo kikubwa kuliko vyote, kama watu wanavyosema mtaani. Kwa mapafu, kwa mfupa uliovunjika, kwa mtu aliyepata ajali ya bodaboda na anahofiwa kuvuja damu kichwani usiku huu, CT huwa na manufaa zaidi na humalizika haraka. MRI ni bingwa wa vitu laini: ubongo, uti wa mgongo, diski (vile vimto vilivyo kati ya pingili), kano, misuli, nyonga, ini.

Kuhusu ugumu wa kuitunza, siri iko kwenye baridi. Waya wa sumaku umetengenezwa kwa niobi na titani na kuzamishwa kwenye heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwenye baridi ya namna hiyo umeme huzunguka ndani ya waya bila kupungua, hivyo sumaku ikishawashwa haizimwi tena, iwe usiku, iwe Idi, iwe Krismasi. Kinachodai umeme saa 24 ni mtambo wa kupooza. Umeme ukikatika muda mrefu na jenereta ikagoma, heliamu huanza kuchemka na kutoroka hewani. Mashine za kawaida hubeba lita zaidi ya elfu moja za hiyo heliamu, na hospitali zetu zimezoea kuiagiza kutoka nje, licha ya watafiti wa vyuo vya Oxford na Durham kutangaza mwaka 2016 kwamba imejaa chini ya bonde la Ziwa Rukwa. Zimeanza kutoka mashine zilizofungwa kabisa zisizohitaji hata lita kumi. Nyumbani kwetu, penye umeme wa kukatikakatika, nadhani hizo ndizo zingetufaa.

Kabla ya kutoa hela

Nilipiga simu vituo vitatu nikapewa bei tatu. Zote zilikuwa za laki kadhaa, na kati ya ya juu na ya chini palikuwa na tofauti inayotosha kodi ya chumba kwa mwezi. Nilipodadisi, nikagundua hawakuwa wananiuzia kitu kimoja. Mmoja alikuwa amejumlisha ripoti na CD. Wa pili CD alikuwa anaihesabu pembeni. Wa tatu, aliyekuwa na bei nzuri, alikuwa hajaniambia kwamba ikihitajika sindano ya dawa ya kuzifanya picha zionekane vizuri, ninaongeza hela nyingine palepale.

Jambo jingine linalowakamata watu ni kwamba mgongo mmoja kwenye orodha ya bei ni vitu vitatu: shingo, kifua na kiuno. Ukisema "nataka MRI ya mgongo" na karatasi haikutaja sehemu, ama utalipia vitatu, ama utapigwa picha sehemu isiyouma. Kwa hiyo uliza wazi kwenye simu: bei hii ni ya sehemu gani, ripoti imo, CD imo, dawa imo, na nani anasoma picha. Swali hilo la mwisho huwashangaza. Mimi nilijibiwa, "Si daktari, mzee!" Lakini daktari gani? Siku hizi picha husafirishwa kwa mtandao zikasomwe na daktari wa radiolojia aliye hospitali nyingine au mkoa mwingine, na hakuna ubaya wowote kwa hilo. Ubaya ni ripoti isiyo na jina la mtu wa kuulizwa.

Nguvu ya mashine nayo uliza, ila usiikuze. Kwa kiuno na kwa goti, Tesla 1.5 inatosha kabisa. Picha ya Tesla 1.5 iliyosomwa na mtu makini ni bora mara nyingi kuliko ya Tesla 3 iliyosomwa na aliyechoka saa moja usiku.

Halafu lipo lile la karatasi. Swali likiwa bovu, picha hata ziwe safi vipi zitajibu vibaya. Wangeandika hivi: maumivu ya kiuno wiki saba, yanashuka mguu wa kushoto hadi kidole gumba, kidole kimepungua nguvu, je kuna mshipa wa fahamu uliobanwa chini ya pingili ya nne? Ingechukua dakika moja. Mwendesha mashine angejua wapi pa kukata picha nyembamba zaidi, na msomaji angejua wapi pa kuanzia. Kwa "MRI kiuno" tupu, msomaji anaorodhesha kila alichokiona, kama karani anayehesabu vyombo vya nyumba asiyoijua. Usione haya kumwambia daktari wako, kwa heshima zote, "Naomba uniandikie na unachokitafuta." Mimi niliona haya, na yule dada wa kwenye mashine ndiye aliyelazimika kunihoji upya mlangoni.

Na kama bado hujalipa, jiulize kwanza kama kipimo chenyewe kinahitajika. Maumivu mengi ya kiuno hupoa yenyewe ndani ya wiki chache, na miongozo ya madaktari katika nchi nyingi inataka mgonjwa asikimbizwe kwenye picha kabla ya wiki sita ikiwa hana dalili za hatari. Dalili za hatari ni habari nyingine kabisa. Ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo ukigoma kutoka, ukifa ganzi sehemu za siri na zile unazokalia, miguu ikiishiwa nguvu siku hadi siku, hapo husubiri bei nzuri wala Jumatatu. Unakwenda hospitali yenye wapasuaji siku hiyohiyo. Homa za jioni, jasho la usiku na kupungua mwili pamoja na mgongo unaouma, kwetu huku humfanya daktari awaze TB ya uti wa mgongo, na MRI ni hodari wa kuiona mapema kuliko eksirei.

Maswali ya chuma

Siku ya siku nilifika saa mbili asubuhi, nimeshakunywa chai, maana kwa kiuno hakuna kufunga. Kwa tumbo, au ukipewa dawa ya usingizi, hapo utaambiwa usile kwa saa kadhaa. Nililipa kwa simu, nikapewa fomu ya kurasa mbili. Binti wa kwenye mashine alinifuata nikiwa nimetiki "hapana" kila mahali bila kusoma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Naona hapana tupu. Tuanze upya taratibu. Hujawekewa kifaa cha moyo? Vyuma kwenye mfupa? Hujawahi kupigwa risasi?"

Nikacheka. Hakucheka.

"Kazi yako?"

"Mwalimu."

"Na kabla ya ualimu?"

Nikamwambia nilipomaliza shule nilichomelea mageti miaka miwili kwenye karakana ya mjomba wangu, Morogoro. Akaweka kalamu chini. "Mliwahi kuingiwa na vichembe vya chuma machoni?" Mara ngapi! Tulikuwa tunatoana kwa ncha ya leso, kazi inaendelea. Akaniambia siingii mpaka nipigwe eksirei ya macho. Kichembe cha chuma kilichojificha ndani ya jicho, hata cha miaka thelathini iliyopita, sumaku inaweza kukisogeza kikakata humohumo. Niliongeza hela na saa nzima ya kusubiri, na nilinuna. Sasa hivi nikikutana naye namlipia soda. Fundi yeyote wa kuchomelea, kusaga au kutoboa vyuma anayesoma hapa, lisemeni hilo hata msipoulizwa.

Kwa nini ukali wote huo? Kwa sababu sumaku iko hewani wakati wote, hata mashine ikiwa kimya. Mwaka 2001 katika jimbo la New York mtoto wa miaka 6 alikuwa ndani ya mashine pale mtungi wa oksijeni ulioletwa chumbani uliporuka na kumgonga kichwani, alifariki. Mwaka 2018, Mumbai, ndugu aliyemsindikiza mgonjwa aliingia na mtungi kama huo, akanyakuliwa pamoja nao na kufa. Mwaka 2025, tena New York, mwanamume aliingia na mnyororo wa kilo 9 shingoni, wa mazoezi, na haukumwacha hai. Katika matukio yote hayo hakuna aliyeuawa na kipimo chenyewe. Chuma ndicho kilichoingia na mtu. Wasindikizaji, kwa hiyo, nanyi mnakaguliwa, na kiti cha magurudumu cha kawaida kinabaki nje.

Orodha ya vya kuvua ni ndefu kuliko ya uwanja wa ndege. Saa, mkanda, funguo, simu, kadi ya benki (ile yenye utepe wa sumaku inafutika). Kinamama wana kazi zaidi: pini za mtandio, kipini cha puani, hereni, sidiria yenye waya, wigi lenye vibanio, shanga za kiunoni zilizotungwa kwa uzi wa chuma. Chale za wino na vipodozi vya macho vyenye chembe za madini vinaweza kupata joto, mtaje. Nguo za mazoezi zilizofumwa kwa nyuzi za fedha zimewahi kuunguza watu, ndiyo sababu ya lile gauni la hospitali. Na hirizi, jamani. Tunazivaa, tunazificha, na nyingine zimefungwa kwa bati au risasi. Mwambie mhudumu faragha. Ameshaona nyingi kuliko ya kwako.

Chuma kilicho ndani ya mwili hakimaanishi moja kwa moja kwamba umekataliwa. Vyuma vya mfupa vya titani na nyonga za bandia mara nyingi hupita, ila huweza kuchafua picha ya eneo lililo jirani. Kitanzi cha uzazi cha shaba kwa kawaida hakina tatizo. Vifaa vya moyo vya zamani kwa kawaida ni marufuku. Vipya vingi vimeundwa vivumilie MRI kwa masharti maalumu. Vibanio vya mishipa ya kichwani na vifaa vya kusikia vilivyopandikizwa vinahitaji uchunguzi wa jina na modeli. Kitu kitakachokuokoa hapa ni cheti cha upasuaji au kadi ya kifaa. Ukifanyiwa operesheni yoyote ya kuwekewa kitu, kadi hiyo itunze kama hati ya kiwanja. Wajawazito waseme, kipimo chenyewe kinaweza kufanyika kukiwa na sababu, sindano ya dawa ndiyo huepukwa.

Ndani

Tundu la mashine lina upana wa sentimita 60 au 70. Mtu wa kimo changu na kitambi changu huhisi kama ameingizwa kwenye bomba la maji la mradi. Kwa kiuno kichwa changu kiliingia chote. Kwa goti au kifundo unaingia na miguu tu na uso unabaki nje. Nilipewa vizibo vya masikio, juu yake spika za kichwani, na kibofu cha mpira mkononi: ukikibonyeza wanasimamisha. Ushauri nilioupenda kuliko wote ulikuwa wa mzee mmoja niliyemkuta kwenye benchi: "Funga macho kabla hawajakuingiza, usiyafungue mpaka watoke nawe." Mtu akifumbua akakuta dari iko kipimo cha shubiri kutoka puani, hapo ndipo hofu inapoanza. Ikiwa unajijua huwezi kukaa mahali palipobana, sema siku ya kupanga miadi, siyo ukiwa umeshalala. Ipo dawa ya kutuliza, lakini utahitaji mtu wa kukurudisha nyumbani.

Halafu kelele. Ndani ya ile sumaku kuna misokoto ya waya inayowashwa na kuzimwa kwa kasi ili mashine ijue kila mlio umetoka sehemu gani ya mwili. Umeme ukipita kwenye waya ulio ndani ya sumaku, waya unasukumwa; ndivyo spika ya redio inavyofanya kazi, na hapa umelazwa ndani ya spika yenyewe. Inagonga kama mashine ya kufyatua matofali, inanyamaza, inavuma kama nyuki, inagonga tena. Usivizie kumaliza kwake. Kazi yako ni moja, kutotikisika, kwa sababu dakika tatu za kutulia zinaharibiwa na kikohozi kimoja na inabidi warudie. Mikono usiikutanishe wala miguu usiipishanishe, maana ngozi ikigusa ngozi hutengeneza mzunguko unaoweza kuunguza. Joto kidogo mwilini ni la kawaida. Kitu kinachochoma si cha kawaida, bonyeza mpira.

Mimi nilikaa dakika 25. Mtu wa kwanza kupigwa picha ya mwili kwa njia hii, kwenye mashine iliyoundwa na daktari wa Kimarekani Raymond Damadian, Julai 1977, alikaa karibu saa tano kwa picha moja ya kifua. Nobel ya mwaka 2003 ilipokwenda kwa Paul Lauterbur na Peter Mansfield, waliogundua namna ya kuigeuza ile milio kuwa picha kamili, Damadian alinunua kurasa nzima za magazeti kulalamika kwamba amesahauliwa. Wanasayansi nao ni binadamu.

Ile sindano

Si kila mtu anachomwa. Kwa diski ya kiuno ambayo haijawahi kupasuliwa, mara nyingi haihitajiki. Wanaotafutiwa uvimbe, maambukizi, au walioumwa tena baada ya operesheni ndio hupewa. Dawa hiyo ina gadolini, madini yenye tabia ya sumaku yanayobadilisha muda wa zile pia za haidrojeni kujirudi, na huingia kwa kanula ya mkononi. Utahisi ubaridi unapanda kwenye mshipa. Mzio upo ila ni nadra. Tahadhari kubwa ni figo: tangu mwaka 2006 madaktari wamejua kwamba kwa wenye figo zilizofeli, baadhi ya dawa hizi zinaweza kusababisha ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo. Aina zinazoshikilia madini hayo kwa ulegevu zilisimamishwa nyingi huko Ulaya mwaka 2017, zikabaki zile zinazoyafungia vizuri zaidi. Mwenye kisukari cha siku nyingi au presha ya muda mrefu aulize kama amepimwa figo kabla ya kuchomwa. Sindano ambayo haikuwa kwenye karatasi ya daktari, na inatajwa ukiwa tayari umevaa gauni, nayo iulizie: inajibu swali gani?

Ripoti

Kesho yake nilipewa bahasha, CD na kurasa mbili za Kiingereza. Nikafanya kosa wanalofanya wote: nikasoma kwenye daladala, simu mkononi, natafsiri neno moja moja. Kufika Mtoni nilikuwa nimeshajiona kwenye kiti cha magurudumu. Diski zimekauka. Diski mbili zimetokeza. Viungo vya nyuma vimelika. Pingili moja ina kinundu cha mishipa ya damu. Diski ya nne imetoka kushoto na inagusa mshipa wa fahamu. Mambo matano, yameandikwa kwa sauti moja, kana kwamba yote yana uzito sawa.

Hayana. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga MRI watu 98 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Waliokutwa na diski zote safi walikuwa asilimia 36 tu. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2015 yalipanga hesabu hizo kwa umri: kati ya watu wasioumwa kitu, kuchakaa kwa diski kulionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, asilimia 80 ya wenye miaka 50, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Mimi nina 52. Diski kavu kwangu ni kama mvi. Na kile kinundu cha mishipa kilichoniondolea usingizi ni kitu cha kawaida sana, watu hufa wakiwa wazee bila kujua wanacho.

Utafiti mwingine ndio uliobadilisha namna ninavyoitazama bahasha ile. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa mama mmoja wa miaka 63, mwenye maumivu ya kiuno na mguu, aliyepelekwa vituo 10 tofauti vya MRI ndani ya wiki tatu. Mgongo mmoja, wiki tatu, ripoti kumi. Kwa jumla ziliorodhesha matatizo 49 tofauti, na hakuna hata moja lililotajwa kwenye ripoti zote kumi. Ukikumbuka hilo, utaona kwa nini CD ni mali kuliko karatasi. Karatasi ni maoni ya mtu mmoja siku moja. CD ina picha zenyewe, na mtu mwingine anaweza kuzisoma upya, au miaka mitatu baadaye kuzilinganisha na mpya. Hakikisha inafunguka kabla hujaondoka pale dirishani. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa tupu, nikarudi kuifuata. Siku hizi vituo vingine hutuma kiungo kwa simu. Kipakue siku hiyohiyo, kwa sababu viungo hufa.

Nilirudi kwa daktari nikiwa na hotuba nzima kuhusu yale matano. Hakufungua karatasi. Aliweka CD kwenye kompyuta, akapeleka picha juu na chini kwa kidole, akasimama kwenye moja. Diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ilikuwa imejisukuma nyuma kama sabuni iliyobinywa, upande wa kushoto. Kisha akafanya kile ambacho kama angekifanya wiki iliyotangulia, karatasi ya kwanza isingekuwa na maneno mawili.

"Vua viatu, panda kitandani."

Akakandamiza kidole gumba changu cha kulia. "Kinyanyue, shindana na mimi." Kikanyanyuka, akashindwa kukishusha. Akahamia kushoto. Nilikaza meno, nikakaza paja, nikakaza mpaka shingo. Kidole kikashuka kwa kusukumwa na kidole chake kimoja.

Ndipo akaichukua ripoti, akaipitia akiwa amesimama, akapiga mstari chini ya jambo la tano. Yale manne ya juu hata hakuyagusa.

"Vaa soksi," akasema, "tuongee."